Fundi Umeme na Swichi ya Ukutani

Sitamtaja jina. Jina lake nililiharibu mimi, kwa neno moja nililomwambia askari, na mpaka leo sijalirudisha mahali pake. Musoma nzima walimwita Fundi Umeme, nami nitamwita hivyo hivyo. Nilikuwa dereva wa parokia moja ya pale mjini, na kwa miaka zaidi ya kumi na tano hakuna mwezi uliopita bila mimi kufika kwenye gereji yake Nyasho, ama nimeendesha, ama nimevutwa kwa kamba.

Ukifika pale hukutafuta uso wake, ulitafuta miguu. Ilikuwa imechomoza chini ya gari la mtu, myembamba, na ndala zimewekwa pembeni kwa adabu, maana hakuingia chini ya gari na ndala. Ukimsalimia alijibu kutoka huko huko chini, kisha aliuliza swali lake la kwanza, ambalo kwa wateja wote lilikuwa moja.

"Ilizima njiani, ama ilikataa kuwaka asubuhi?"

Mtu akijibu "imekufa tu, fundi," hakumgusia gari. Alimwacha akae kwenye tairi bovu mpaka akumbuke. Kwake gari lililozima njiani na gari lililokataa kuwaka yalikuwa magonjwa mawili tofauti, na mtu asiyejua tofauti hiyo alikuwa hajui anachomiliki. Swali la pili lilikuwa juu ya mafuta, na la tatu lilikuwa la ukorofi: "Nani mwingine ameshika hii gari kabla yangu?" Hapo wengi walitazama chini. Alikuwa na msemo wake kwamba gari haijawahi kumdanganya, ila wenye magari ndio wamemzeesha.

Kazi iliyompa sifa ilikuwa pampu ya mafuta. Gari likikataa kuwaka na stata inazunguka vizuri, mafundi wengine walianza kufungua plagi, kupuliza kabureta, kulaumu petroli. Yeye alinyamazisha uwanja. Mchomeleaji aliacha kuchomelea, redio ilizimwa, na wanawake waliouza dagaa mlangoni waliombwa wasimamishe soga. Kisha alilala chini, akaweka sikio kwenye tenki, akainua kidole.

"Fungua ufunguo. Usipige stata."

Pampu iliyo nzima huguna kidogo ufunguo unapofunguliwa. Kama haikuguna alitoa taa yake ya kupimia, balbu ndogo iliyofungwa nyaya mbili, akaanza kurudi nyuma: kwenye pampu, kwenye waya, kwenye fyuzi, mpaka betri. Mahali balbu ilipowaka alicheka kidogo peke yake. "Umeme umefika hapa umelala," alisema. Kati ya pale palipowaka na pale palipokataa, ndipo ugonjwa ulipokuwa. Nimeona madaktari wasiofuata utaratibu namna ile.

Na mtu huyu hakujua kuendesha gari. Hakuwahi hata kujaribu. Nilipomwambia nimfundishe alinijibu kwamba yeye anajua vitu vingi mno vinavyoweza kukatika ndani ya gari, hataweza kukanyaga mafuta kwa raha. Alipokwenda kwao Majita alipanda mtumbwi, ambao nao aliuogopa, na kabla ya kupanda alikagua kila msumari mpaka wenye mtumbwi wakakasirika.

Miaka ya shida ndiyo iliyomfanya, na sasa naona ndiyo iliyotuharibu sote. Nazungumzia ile miaka ya foleni ya sabuni, sukari ya kibali, petroli ya kibali. Vipuri havikuwepo. Havikuwepo Musoma, havikuwepo Mwanza, na aliyekuwa navyo alivikana. Gari la parokia lilikuwa la Kiingereza, limechoka, na pampu yake ya umeme ilikuwa na platini, vipande vya chuma vya kupitisha umeme, zinazogonga tik tik tik. Platini zikiungua pampu inanyamaza, gari linasimama. Fundi Umeme alizisugua kwa msasa mpaka zikabaki kama ukucha wa mtoto. Fyuzi alitengeneza kwa karatasi inayong'aa ya ndani ya paketi ya sigara. Alikuwa Msabato, hakuvuta wala kunywa, lakini kila Jumapili asubuhi alipita kwenye vilabu vya pombe akiokota paketi tupu. Maneno yalifika kanisani kwao. Akaitwa kujieleza mbele ya wazee, akatoa mfukoni fyuzi tatu za karatasi, wazee wakazishika mkononi wakazirudisha.

Ulipokuja msako wa wahujumu uchumi alipata hofu kuliko watu wenye maduka. Alikuwa na kopo moja la vipuri vikuukuu, platini na nyaya, akaona hilo kopo litamfunga. Akalizika kwenye mihogo. Msako ulipokwisha alisahau shina lipi, na mke wake hakumruhusu ang'oe mihogo ambayo haijakomaa. Alingoja msimu mzima. Mke wake alikuwa Mkatoliki, mwanakwaya wetu, mnene, mcheshi, na kisa hicho alikisimulia kila harusi huku mume wake amekaa pale pale akiangalia kucha zake.

Siku moja tulikwama Butiama, mimi na paroko. Gari lilizima kabla ya njia panda, stata inazunguka, hakuna kitu. Nikapanda lori la pamba mpaka Musoma kumchukua Fundi Umeme. Alikuja na mpini wa nyundo tu, bila nyundo yenyewe. Akalala chini, akasikiliza, akaigonga pampu mara moja kwa mpini, na tik tik tik ikaanza. Paroko akapiga makofi. Fundi Umeme alinuna.

"Padri, usifurahi. Hii ni ya kufika. Si ya kupona."

Ndivyo alivyogawa kazi zake zote. Ya kufika ilikuwa kukuvusha mpaka nyumbani. Ya kupona ilikuwa kazi yenyewe, yenye kipuri chake, na kila aliyepewa ya kufika aliamriwa arudi. Lakini miaka ile nani angerudi? Kipuri chenyewe kingetoka wapi? Tukaishi kwa za kufika, mwaka baada ya mwaka, mpaka tukasahau kwamba kulikuwa na kitu kingine. Yeye peke yake hakusahau.

Ruksa ilipokuja, biashara ikafunguliwa, na magari ya mtumba ya Kijapani yakaanza kumiminika, mafundi wa rika lake wengi waliona giza. Yeye alirudi shule. Parokia ilinunua gari moja la namna hiyo, jeupe, lenye maandishi ya Kijapani kwenye kifuniko cha fyuzi. Alikaa na daftari akayachora maandishi yale moja moja, na kwa kuwa hakuweza kuyasoma aliyapa majina kwa sura zao. Moja aliliita Ngazi, jingine Kibanda, jingine Mtu Anakimbia. Alijua Ngazi ni taa za mbele na Kibanda ni honi. Mtu Anakimbia ndiye aliyekuwa pampu ya mafuta.

Alilalamika kwamba pampu sasa wameificha ndani ya tenki, lakini alimheshimu aliyeitengeneza.

"Huyu Mjapani ana akili, mura," aliniambia, akiniita kama watu wa Mara wanavyomwita rafiki. "Injini ikizima tu, pampu anaikata mwenyewe. Alijua gari ikipinduka, dereva anakimbiaga."

Hayo maneno nayakumbuka vizuri sana. 

Gari lile jeupe lilikataa kuwaka Ijumaa moja mchana. Kesho yake kulikuwa na ndoa za pamoja Nyamuswa, wachumba wengi waliokuwa wamengoja miezi, na paroko alikwisha tangulia. Mimi nilitakiwa kumpeleka katekista wetu alfajiri, na vitabu vya ndoa na pete. Tukalisukuma mpaka Nyasho. Fundi Umeme akauliza maswali yake, akanyamazisha uwanja, akaweka sikio. Kimya. Balbu ikawaka kwenye fyuzi, ikakataa kwenye pampu. Akarudi nyuma mpaka kwenye kidude kidogo cheusi wanachokiita rilei, kile kinachoipa pampu umeme na kuukata. Akakifungua akanionyesha: ndani kumeungua.

"Hii iko Mwanza. Nitaagiza kwa basi. Jumatatu inafika."

Nikamwambia Jumatatu ni mbali. Nikamwambia juu ya wachumba. Akasema haiwezekani. Nikamwambia afunge waya moja kwa moja kutoka kwenye betri, kama zamani, akaniangalia kama nimetukana.

"Moja kwa moja hapana. Hii pampu haina mtu wa kuikata. Gari ikizima, yenyewe inaendelea kumwaga."

Jua lilikuwa linateremka, na kwa Msabato Ijumaa jua likizama kazi imekwisha. Wenzake walishafunga, wauza dagaa wameondoka, uwanja mzima tulibaki wawili. Niliomba. Sikuwa na aibu, niliomba kama mtoto. Mwisho akaingia ndani ya kibanda, akatoka na swichi ya taa ya ukutani, ile ya nyumbani, nyeupe ya plastiki. Akaifunga chini ya usukani, upande wa goti langu la kulia, mahali abiria hapaoni, waya ukapitia hapo kabla ya kwenda kwenye pampu.

"Sikiliza, dereva. Gari ikisimama, hii kwanza. Kabla ya ufunguo, kabla ya mlango. Hii kwanza. Sema."

"Hii kwanza," nikasema.

"Na Jumatatu unaileta. Hii ni ya kufika."

Skrubu ya mwisho aliikaza jua limezama. Alisimama akitazama upande wa ziwa, bisibisi mkononi, akasema kwa sauti ndogo kwamba hajawahi kufanya vile tangu abatizwe. Nilimshukuru nikaondoka.

Ndoa zilifungwa. Jumatatu gari liliwaka vizuri sana, nikaona nitapita kesho. Rilei ilifika kutoka Mwanza, akaniletea ujumbe, nikasema nitapita. Kila nilipokatiza Nyasho nilipiga honi, naye alichomoza kutoka chini ya gari la mtu, akainua mkono na kile kidude cheusi, nami nikamwonyesha saa kwamba nina haraka. Miezi ikaenda. Swichi ile nikaizoea, halafu nikaanza kuiacha imewashwa nikisimama kwa muda mfupi, maana ukizima ufunguo ukaisahau, hakuna kilichotokea ila kelele kidogo nyuma. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tumejifunza. Kikienda, acha kiende.

Ajali ilitokea mchana, karibu na Kiabakari, tunatoka Bunda. Ng'ombe alikatiza, nikamkwepa, gari likalala ubavu mtaroni. Tulikuwa wawili, mimi na katekista. Injini ilizima. Pakawa kimya kabisa, na ndani ya ukimya ule nikaisikia pampu inaguna. Swichi ilikuwa karibu na goti langu. Niliiona. Ningenyoosha mkono tu. Katekista alikuwa chini yangu, mguu umebanwa, akaniambia kwa upole, "Dereva, nisaidie kwanza mguu." Mimi nikapanda juu yake nikatokea dirishani.

Nilijiambia nakwenda kuita watu. Nilikuwa nimepiga hatua kama ishirini petroli iliposhika moto. Nilirudi, hilo ni kweli, na mkono huu wa kushoto ulioungua ni wa kurudi kule. Lakini nilirudi wakati hakuna tena wa kusaidiwa. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Nikiwa hospitali nimefungwa bendeji, askari alikuja na daftari. Alikuwa mtu mstaarabu, ameona mabaki, ameona waya uliotoka kwenye betri. Akauliza nani aliufunga. Nikasema Fundi Umeme, na hilo lilikuwa kweli. Akasema fundi amekwisha hojiwa, anadai aliweka swichi ya ukutani na akamwelekeza dereva. Lakini swichi haikuonekana, plastiki haibaki kwenye moto wa namna ile.

"Wewe ndiye uliendesha. Kulikuwa na swichi?"

Mke wa katekista alikuwa amekaa mlangoni na khanga kichwani, akisubiri zamu yake ya kuniona.

"Sikumbuki," nikasema.

Hilo ndilo neno lenyewe. Sikuongeza lingine, na sikuwahi kulifuta.

Fundi Umeme walimweka ndani siku kadhaa wakamwachia, hakushtakiwa. Mji ndio uliomhukumu. Wateja walipungua, kisha wakaisha. Watu waliopeleka magari yao kwake tangu ujana walivuka upande wa pili wa barabara. Kanisa lake nalo lilimwekea karipio, si kwa ajili ya moto, bali kwa sababu katika kujitetea alisema ukweli wote, mpaka ule wa skrubu ya mwisho baada ya jua kuzama. Nilisikia kwamba yeye mwenyewe aliamini ndiyo chanzo, kwamba Mungu alimlipa kwa Sabato ile. Ningeweza kumwondolea mzigo huo kwa kutembea dakika kumi kutoka nyumbani kwangu.

Mimi nikawa shujaa. Mkono ulioungua ulionyeshwa kwa wageni. Jumapili watu walinipisha mbele, na mke wa Fundi Umeme, yule mcheshi wa kwaya, kila baada ya misa alikuja kunishika mkono huo huo kwa mikono yake miwili.

"Utusamehe, kaka yangu. Yule mzee alikuwa anapendaga sana njia za mkato."

Njia za mkato! Mtu aliyenuna alipopigiwa makofi. Nilimjibu mama yule kwamba yamepita. Kila Jumapili nilimjibu hivyo, mpaka akafariki, na hakusimulia tena kisa cha mihogo.

Baada ya msiba huo Fundi Umeme alifunga kibanda akahamia Bunda, mtaa wa Kabasa, kwa binti yake aliyekuwa akiuza unga. Miaka ikapita tena. Nilipoacha kazi ya udereva, na usingizi umeanza kunikimbia, nilipanda basi nikaenda.

Nilimkuta amekaa sebuleni kwenye kochi lenye vitambaa, msafi, shati limepigwa pasi. Mikono ilikuwa imelala mapajani haina kazi. Alinitambua mara moja. Hakushangaa, na hakunikaribisha kukaa, nikakaa mwenyewe. Binti alinisalimia shikamoo, akaenda jikoni nyuma ya nyumba.

Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu. Nikasema tu, "Mzee, swichi ilikuwepo. Niliiona siku ile. Nilikumbuka."

"Najua ilikuwepo," akasema. "Niliiweka mwenyewe."

 Nje kuna mtu alikuwa anakoboa mahindi, mashine inanguruma. Nikamwambia nitakwenda kwa paroko mpya, nitasimama kanisani niseme. Akatikisa kichwa.

"Kanisani utamwambia nani? Mke wa katekista alishakufa. Yule askari alihamishwa. Hao watoto wa sasa hawajui kama kulikuwaga na ajali."

Kisha akasogea mbele kidogo kwenye kochi, na kwa mara ya kwanza nikamwona mtu huyu akiomba kitu.

"Mama yao alikufa anaamini nilimdanganya. Nilimwambia kila siku, niliweka swichi, niliweka swichi. Akaniambia dereva wa padri hawezi kusahau kitu kama hicho. Sasa kanisa liache. Mji uache. Mwambie huyu binti mmoja tu. Ananipikia, ananifulia, lakini anaamini kama mama yake. Huyu mmoja tu, mura."

"Nitamwambia," nikasema. "Akiingia, namwambia."

Na nilikusudia kweli. Nilijipanga mpaka sentensi ya kwanza. Binti aliingia na ugali, sato wa mchuzi, na birika la maji. Akaweka sinia mezani, akachuchumaa mbele yangu na beseni ili ninawe, akauona mkono wangu wa kushoto. Aliushika kwa upole kama mama yake, na macho yake yakajaa machozi.

"Baba hapatagi wageni," akasema. "Tangu ile ajali hata ndugu zake wa Majita walikata mguu. Na wewe ndiye uliungua, na bado umetoka Musoma kuja kumsalimia. Sijawahi kuona moyo wa kusamehe kama huu. Mungu akubariki, baba yangu."

Fundi Umeme alikuwa ameinua uso. Alinitazama, akamtazama binti, akanitazama tena, akingoja.

Nikasema, "Amina," nikakinga mikono maji.